Taa za Meli ya Kaka

Mtaani kwetu kaka yangu wanamwita Kapteni, na kila wakimwita hivyo huwasahihisha. "Sikuwa kapteni. Nilikuwa mshika usukani. Kapteni alisema, mimi nikageuza." Amemwambia hivyo muuza magazeti, amemwambia daktari wa macho, amemwambia fundi viatu wa pale kona. Wote huitikia vizuri, na kesho yake wanamwita Kapteni tena. Mimi ningekuwa yeye ningelipokea jina nikanyamaza, maana cheo cha bure hakikataliwi. Lakini yeye ndivyo alivyo, na ni bora ijulikane mapema kwamba kati yetu wawili aliyenyooka ni yeye.

Alifanya kazi melini miaka ishirini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa kwenye meli moja tu ya mizigo. Mimi ni mdogo wake kwa miaka saba. Nina kibanda cha kutengeneza vitu vya umeme: pasi, feni, redio, jiko la umeme la mtu aliyeambiwa asimwagie maji akamwagia. Yeye amezunguka dunia, mimi nimezunguka meza. Siku hizi nalisema hilo kwa utani, ila zamani halikuwa utani. Alipokuwa akirudi likizo nyumba nzima ilimgeukia. Mama alimkalisha kwenye kiti cha baba, majirani walijaa sebuleni kusikiliza, nami nilikuwa pembeni na bisibisi yangu, nikifungua redio ambayo hakuna aliyeniuliza imeharibika nini. Nilimpenda na nilimwonea wivu. Watu husema haviwezi kukaa moyo mmoja. Wangu vilikaa, tena bila kugombana.

Kazi ya usukani ina desturi yake. Kapteni akitoa amri, mshika usukani haendi kuitekeleza kimya kimya, huirudia kwa sauti kwanza. "Kulia digrii kumi!" Naye anajibu, "Kulia digrii kumi!" Ndipo anageuza, na usukani ukifika pale anasema tena kwamba umefika. Kaka alinieleza maana yake siku moja nilipomcheka. "Unadhani ni adabu? Si adabu. Ukirudia, yule aliyesema anajisikia mwenyewe. Kama amekosea, hapo ndipo pa kujirekebisha, meli haijageuka bado."

Desturi hiyo aliileta nyumbani na haikumtoka hadi leo. Shemeji akimwambia azime jiko, utasikia: "Jiko nazima." Kimya kidogo. "Jiko limezimwa." Walipooana, shemeji alidhani anadhihakiwa, akamnunia siku mbili nzima. Siku ya tatu akamwambia, "Kama hunitaki sema." Kaka, maskini, kwa mazoea akajibu, "Kama sikutaki niseme," na mambo yakazidi kuharibika. Mama yetu ndiye aliyekwenda kuamua.

Alipostaafu akaanza kuijenga ile meli yake upya, ndogo, ya kuwekwa mezani. Ilimchukua miaka sita. Urefu wake ni wa mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole na shibiri moja juu yake. Mbavu alizichonga kwa mbao laini, akazivika vipande vyembamba vya mbao kimoja kimoja, akapiga msasa mpaka kiungo hukioni. Kreni za mizigo ni spoku za baiskeli. Vyumba vya mabaharia ni makopo ya maziwa yaliyokatwa na kunyooshwa. Ngazi ina vidaraja arobaini na moja, kwa sababu ya kweli ilikuwa na vidaraja arobaini na moja, na mara moja alipopata arobaini alivunja akaanza upya. Nilimwambia, "Kaka, nani atahesabu?" Akanijibu, "Miguu yangu."

Katikati ya miaka hiyo ndipo macho yalipoanza kumtupa mkono. Presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki tukilinde kwa dawa. Tulikilinda tulivyoweza, na kiliondoka hivyo hivyo. Vipande vya mwisho vya meli alivibandika kwa kupapasa. Alipomaliza alikuwa haoni meli wala meza. Alibaki na kitu kimoja: chumba kikiwa na giza na taa ikawashwa, aliiona taa, na rangi yake akaitambua.

Hapo ndipo mimi nilipopata nafasi. Nasema nafasi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nitafanyaje. Kila jioni nilipofunga kibanda nilipitia kwake. Nilimsomea ujumbe wa simu, nilimsomea gazeti, nilimwambia ni nani amepita barabarani na amevaa nini. Akatangaza kwa watu, "Macho yangu yako kwa mdogo wangu. Akisema nyeupe, ni nyeupe." Nilijifanya sisikii, nami nasikia kila neno. Mtu aliyezunguka dunia sasa alikuwa akiizunguka kwa mdomo wangu. Raha niliyoipata humo hainipi heshima, lakini niliipata.

Basi siku moja akaniambia, "Nataka uitie taa."

"Meli?"

"Meli. Taa zote za njia, kama yenyewe. Halafu uiweke mezani, omo ielekee kwenye kiti changu." Omo ni mbele ya meli, na nyuma yake huitwa tezi. Hayo nilikuwa nayajua, nisionekane mjinga kabisa. "Miaka kumi na tisa nilikuwa ndani yake. Nimeona meli za wenzangu zikija, taa zake zikiwa mbali huko, ndogo, zinakua. Yangu sijawahi kuiona inakuja. Huwezi kuiona ukiwa ndani. Nataka niione inakuja."

Nikamwambia ni kazi ya wiki mbili.

Alimwandikisha binti yake orodha. Binti huyo ni karani wa shule, ana mwandiko mzuri na maswali mengi. Aliandika: taa nyeupe mbili kwenye milingoti, ya nyuma iwe juu kuliko ya mbele. Nyeupe moja tezini, chini. Nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia. Taa za madirishani, za manjano hafifu. Akaniletea kibandani pamoja na meli yenyewe, imefunikwa shuka, imefungwa kwenye ubao. Aliibeba mwendo wote kwa miguu kwa sababu baba yake alikataa isipande gari.

Nikiri kwamba kazi niliifanya vizuri. Nilitumia vibalbu vidogo kuliko punje ya mchele, na waya mwembamba niliouchomoa kwenye mota ya feni mbovu. Waya huo una varnishi, lazima uukwangue kwa wembe kabla ya kuuchomelea, na ukikwangua kwa hasira unakatika. Nilikata mwingi. Kwa keekee ya mkono nilitoboa sakafu za vyumba, tundu moja moja, pumzi nimeibana. Nilipowasha mara ya kwanza, mwanga ulipenya kwenye kila kiungo cha mbao, meli nzima ikawaka kama chujio. Ikabidi nifungue vyumba vyote nipake rangi nyeusi kwa ndani, halafu nyeupe juu yake, ili mwanga utoke madirishani tu. Siku nne zilikwenda hapo. Wateja walikuja kuulizia pasi zao nikawafukuza kwa macho.

Binti alipitia siku ya kufunga taa za ubavuni. Nilikuwa nimeigeuza meli omo ikinitazama, kama ninavyoweka redio, kama ninavyoweka kila kitu. Sisi mafundi kazi hututazama usoni. Kushoto ni mkono wangu wa kushoto, na miaka thelathini na mitano mkono huo haujawahi kunidanganya. Nyekundu nikaishika tayari kuichomelea upande huo.

Binti akainama, akatazama orodha, akatazama meli.

"Baba mdogo, hii kushoto ni yako au ya meli?"

"Kushoto ni kushoto."

"Ila baba alikuwa akisema kana kwamba amesimama ndani. Sasa kama yuko ndani anatazama huku..."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nafunga nyaya kabla wewe hujajua kufunga viatu. Nipishe mwanga."

Akanipisha. Alikunja orodha, akaiweka chini ya koleo isipeperuke, akaaga kwa heshima. Nikachomelea nyekundu kushoto kwangu, ambako ni kulia kwa meli, na kijani upande wa pili. Nikabandika vikasha vyake kwa gundi kali. Niliridhika kabisa.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Shemeji alifunga madirisha na kuyaziba kwa mablanketi mpaka sebule ikawa giza tupu. Kaka alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amenyoa ndevu, amekaa kwenye kiti chake mwisho wa meza. Mgeni alikuwa mmoja, mpishi wa ile meli, mzee mnene mwenye kucheka, ambaye hadi leo kila mtu humwita Mpishi ingawa nyumbani kwake haruhusiwi kukanyaga jikoni. Binti alisimama dirishani kushikilia blanketi lisianguke. Nami nilikuwa kando ya meza, meli mbele yangu, omo kwa kaka, kidole kwenye swichi. Nilijisikia mtu.

"Tayari?" nikauliza.

"Tayari," akasema kaka.

Nikawasha.

Ilikuwa nzuri, siwezi kuikana. Madirisha madogo yalitoa manjano yake, milingoti ilikuwa na nyeupe mbili, moja juu ya nyingine, na pale kati nyekundu na kijani. Nilimtazama kaka usoni. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo. Kisha akaufunga. Kichwa chake kikaenda kushoto, kikarudi kulia, taratibu, kama mtu anayesoma mstari mara ya pili kwa sababu haukumwingia.

"Inaondoka," akasema.

Sikumwelewa. Nikamtazama Mpishi. Mpishi alikuwa amekunja uso, anatazama taa za ubavuni, mdomo umeanza. "Lakini hiyo nyekundu..." Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu anayejiwa na meli huona kijani kushoto kwake na nyekundu kulia kwake. Kaka alikuwa ameona kinyume. Alikuwa akiona kile alichokiona miaka yote akiwa ndani: nyekundu huku, kijani kule, na meli inakwenda mbele kumwacha.

"Mmeiweka tezi iko kwangu?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, ajue.

Mpaka leo sijui kwa nini. Au najua. Kulikuwa na Mpishi pale, ambaye alimjua kaka katika ukubwa wake. Kulikuwa na shemeji. Kulikuwa na binti dirishani ambaye alikuwa ameniuliza swali lile lile nikamjibu kuhusu viatu. Na nilikuwa mimi, fundi, niliyejisikia mtu dakika moja iliyopita. Ningesema nimekosea, ningezima swichi, ningebadilisha taa mbili kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, wangenicheka, yangeisha. Badala yake nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndiyo, kaka. Tumeigeuza. Waya wa swichi ulikuwa mfupi, haukufika upande ule."

Hata sababu niliitunga. Na niliitunga upesi, kama mtu mwenye akiba ya sababu.

Kaka akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa mazoea yake, akarudia. "Imegeuzwa. Tezi iko kwangu."

Akanyamaza, akangoja.

Ukimya ule ulikuwa wangu. Niliujua, maana alinifundisha mwenyewe ni wa nini. Mpishi naye aliujua, akaniangalia moja kwa moja kwenye mwanga ule wa manjano. Binti hakuniangalia. Mtoto hamsahihishi baba yake mdogo mbele ya mgeni, na mimi nilijificha nyuma ya adabu yake mtu mzima na mvi zangu. Shemeji alikuwa akitazama huku na huku, haelewi kwa nini hakuna anayefurahi. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilimeza mate, kaka akausikia mmezo wangu, ukimya ukaisha.

"Haya," akasema. "Si kitu. Na mimi nimezoea kuwa nyuma." Akacheka kidogo ili nisijisikie vibaya. Kisha akainamisha shingo. "Ila taa ya tezi siioni. Nyeupe ya chini. Imezimika, nadhani."

Bila shaka hakuiona. Ilikuwa inawaka vizuri upande wa pili wa meza, inamulika ukuta.

"Usijali," akaniambia. "Waya utakuwa umelegea. Ngoja nikusaidie, naijua ilipo."

Akainuka, akanyoosha mkono juu ya meza kuitafuta taa ambayo mdogo wake, fundi, ilikuwa imemshinda. Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Vidole vyake vilishuka polepole, vikitarajia tezi, ambayo ni pana na ya mviringo, na jina la meli limechongwa pale kwa kisu chake mwenyewe. Vikakuta omo. Vikakuta ile ncha kali, vikateremka, vikakuta nanga.

Vikasimama hapo.

Nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi katika kazi hii, mara mbili vibaya sana. Ningeuchagua huo. Kaka aliishika ile nanga ndogo kati ya vidole viwili, akaiachia, akarudi kukaa. Uso wake haukubadilika ila alifumba macho, ambayo hayana kazi ya kufumbwa.

Mpishi akakohoa. Nikajua sasa anasema, sasa kila kitu kinamwagika. Lakini kaka akawahi.

"Inaondoka vizuri," akasema. "Kazi nzuri. Fungueni madirisha tunywe chai."

Alinificha. Nilimdanganya mbele ya watu, naye mbele ya watu hao hao akanifunika. Chai ile niliinywa ikinichoma, sikuhisi. Kaka alizungumza na Mpishi kuhusu watu waliokufa na bandari zilizofungwa, akacheka mahali pa kucheka, wala hakunigeukia hata mara moja kuniuliza kitu. Hakuuliza ni nani amepita nje. Hakuuliza rangi.

Mpishi tukatoka naye pamoja. Tulitembea hadi kona ya fundi viatu. Hapo akasimama, akanishika bega kwa mkono wake mzito.

"Mimi nimeunguza vyakula vya watu thelathini," akasema. "Katikati ya bahari, ambako hakuna hoteli. Nilitukanwa kwa lugha tano. Lakini sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba hakijaungua."

Akaenda zake.

Siku tisa sikupita kwa kaka. Nilijitia hamnazo. Mke wangu akauliza mbona siku hizi narudi mapema, nikamwambia kaka anapumzika. Akauliza anapumzika nini, mtu anayekaa kitini siku nzima? Nikamwambia aache maswali. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, nami niliiona imefika ukutani, na bado nilikuwa nakanyaga pale pale. Kibandani nilitengeneza pasi zote nilizozilaza miezi, hata ile ambayo mwenyewe aliniambia nitupe. Kila mteja aliyesema "fundi" nilihisi amesema jambo jingine.

Siku ya kumi alikuja binti, amefunga kazi, mkoba begani. Alinisalimia kama kawaida, shikamoo yake ile ile, nami nikaipokea huku nikitazama chini.

"Baba anauliza kama unaumwa," akasema.

"Siumwi."

"Nimwambie huumwi?"

"Mwambie... ngoja. Mwanangu, wewe uliniuliza. Siku ile."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Nami nikakujibu ovyo."

Hakusema si kitu. Nilikuwa nikingoja aseme si kitu, kama watu wanavyosema, lakini alirekebisha mkanda wa mkoba akasema tu, "Gazeti siku hizi namsomea mimi." Halafu akaondoka. Nilifunga kibanda saa kumi, nikachukua pasi ya kuchomelea, wembe, gundi na koleo, nikaenda.

Kaka alikuwa kitini. Meli ilikuwa pale pale mezani, imezimwa, imefunikwa shuka. Shemeji alinipokea, akaona vifaa, akaingia jikoni bila kuniuliza chochote. Nikamwamkia kaka. Akaitikia. Nikabaki nimesimama, maana sikujua kama kiti kile cha kando bado ni changu.

"Kaka, nilikosea taa," nikasema. "Niliweka nyekundu kulia kwake. Meli ilikuwa imekaa sawasawa, omo kwako. Hatukuigeuza. Waya haukuwa mfupi. Nilidanganya."

"Najua," akasema. "Nilishika nanga."

"Mbona hukusema?"

"Kulikuwa na mgeni."

Nilianza kuomba msamaha, nikachanganya maneno, nikasema kuhusu mazoea ya mafundi, kuhusu kazi kututazama usoni, kuhusu binti. Aliniacha nimalize. Yeye huwaacha watu wamalize, hiyo ni adhabu yake.

"Taa kukosewa si kitu," akasema. "Nimewahi kugeuza kushoto nikiambiwa kulia, tena kwenye mlango wa bandari. Nilipiga kelele papo hapo, nimekosea, nimekosea! Kapteni alinitukana, tukaendelea. Mimi siongelei taa. Nilikuuliza, wewe ukanijibu. Nikarudia makusudi, nikakungoja. Wewe unajua nilikuwa nangoja nini."

"Najua."

"Basi."

Machozi yalinitoka na niliyaacha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiyaona. Kisha nikajikuta naona aibu hata kwa hilo, kwamba nalia nikitegemea upofu wake. Nikafuta uso kwa mkono wa shati nikamwambia kwa sauti, "Nalia, kaka."

"Nasikia," akasema. "Fanya kazi."

Nilifanya kazi. Gundi kali haibanduki kwa upole, na kikasha cha kijani kilivunjika pembe, nikamwambia kimevunjika pembe. Nikakitengeneza, nikamwambia mshono unaonekana, mweupe, wa urefu wa kucha. Nikabadilisha taa, nyekundu kushoto kwa meli, kijani kulia kwake. Mara hii nilizunguka meza nikasimama nyuma ya tezi, nikatazama mbele kama yeye alivyotazama miaka kumi na tisa, nikanyoosha mkono wangu wa kushoto hewani kuhakikisha. Kila nilichogusa nilimtajia. Yeye alikaa, mikono juu ya magoti.

Nikaziba madirisha kwa mablanketi. Nikakagua kwamba omo iko kwenye kiti chake. Nikawasha.

Kijani kushoto kwake, nyekundu kulia kwake, nyeupe mbili juu. Aliinua uso. Nilisimama karibu naye, mkono wangu ukiwa juu ya meli.

"Sasa inakuja, kaka," nikasema. "Omo iko kwako. Nimeishika hapa."

Alitazama. Nilimwona anavyotaka kuamini, mwili wote ulikuwa umeinama mbele. Mikono ikainuka kidogo kutoka magotini, ikarudi. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Mama watoto," akaita. "Njoo kidogo."

Shemeji akaja, mikono ina maji, akasimama mlangoni gizani.

"Niambie wewe," kaka akamwambia. "Inatazama wapi?"

Shemeji aliniangalia kwanza. Akasogea mezani, akainama, akaichunguza meli kutoka mwisho hadi mwisho, mbele yangu, nami nimesimama pale na mkono juu ya omo.

"Inakutazama wewe," akasema.

Ndipo kaka alipotabasamu. Akavuta kiti karibu, akaweka viwiko mezani, akaitazama meli yake ikija. Nami nikaanza kukusanya vifaa.